Sindano ya genta na masikio yako: jinsi ya kulinda usikivu unapotibiwa kwa antibayotiki kali

Ingia kliniki yoyote hapa Uganda, kuanzia Busia hadi Arua, ukiwa na homa isiyoeleweka, haitapita muda kabla mtu hajataja sindano. Mara nyingi itakuwa gentamaisini, ambayo wahudumu na wagonjwa wameizoea kwa jina la genta. Ni dawa ya bei nafuu na yenye nguvu, na mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu huenda asione asubuhi bila hiyo. Lakini dawa hiyo hiyo inaweza kuua seli za sikio la ndani, na seli hizo kwa binadamu zikishakufa hazioti tena.

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya: simwambii mtu akatae sindano. Maambukizi makali huua kwa saa chache, ilhali dawa hizi huharibu sikio kwa siku na wiki. Huo mwanya wa siku na wiki ndio wa kufanyia kazi. Baada ya hapo hakuna kidonge cha kurudisha usikivu, kwa hiyo kinga yote iko kabla ya sindano ya kwanza na katika siku zile unazochomwa.

Kinachotokea ndani ya sikio

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja mfano wa konokono, kinachoitwa koklea. Humo zimepangwa seli za vinyweleo, takriban 16,000 kwa kila sikio. Safu moja, yenye seli kama 3,500, hupeleka sauti kwenye neva. Safu nyingine tatu, zenye seli kama 12,000, hukuza sauti hafifu ili isikike. Sauti ikiingia, vinyweleo huinama na vijitundu vidogo hufunguka kwenye ncha zake. Dawa za jamii ya gentamaisini hupita kwenye vijitundu hivyo hivyo. Zikishaingia huchochea kemikali zinazoiunguza seli kutoka ndani mpaka inajiua yenyewe.

Mambo mawili hapo yana uzito kwa mgonjwa. La kwanza, uharibifu huanzia mwanzo wa koklea, panaposikiwa sauti nyembamba za juu, kisha husogea kuelekea sauti nzito. Mtu anaweza kuwa ameshapoteza sauti za juu kabisa na bado anazungumza na jirani yake bila shida. La pili, dawa hutoka kwenye damu kwa saa chache lakini sikioni hukaa wiki hata miezi, na ndiyo maana wengine huanza kupoteza usikivu baada ya kumaliza dozi.

Hatua ya 1: Hakikisha sindano inahitajika

Hapa ndipo masikio mengi yangeweza kuokolewa, na hapa ndipo sisi wenyewe tunakosea. Tunaiamini sindano kupita kiasi. Mtu akipewa vidonge anaondoka akinung'unika kwamba hakutibiwa. Mwenye kliniki ndogo anajua hilo, naye anachoma ili mteja arudi.

Ukiwa na homa, pima malaria kwanza. Mafua na kikohozi cha kawaida havihitaji antibayotiki ya aina yoyote, seuze genta. Ukiambiwa una "infekshoni ya damu" na hakuna aliyekupima joto, hakuhesabu pumzi wala mapigo ya moyo, uliza amejuaje. Tena kumbuka kwamba leseni ya duka la dawa la kawaida Uganda haihusu sindano za antibayotiki. Anayekuchoma genta nyuma ya pazia la duka hana mizani, hana kipimo cha figo, na ukianza kusikia mlio masikioni hutampata.

Kwa upande mwingine, mtoto mchanga asiyenyonya, mwenye joto kali au baridi isiyo ya kawaida, anayepumua mbio au aliyelegea, mkimbize kituo cha afya sasa hivi. Akiandikiwa genta, akubaliwe kuchomwa. Kwa hali hiyo ni tiba inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na wasiwasi wa masikio unafuata nyuma.

Hatua ya 2: Soma kichupa

Omba kuonyeshwa ampuli kabla haijavunjwa. Hakuna ukosefu wa adabu katika hilo: "Sista, naomba nione jina la dawa niandike kwenye daftari." Wengi wetu hospitalini tunatembea na daftari la shule kama kumbukumbu ya matibabu, basi litumie.

Majina ya kuangalia ni Gentamicin, Amikacin, Streptomycin, Kanamycin, Tobramycin na Neomycin. Usihukumu kwa herufi za mwisho. Azithromycin na Clindamycin zinaishia vivyo hivyo lakini si za jamii hii. Erythromycin nayo si ya jamii hii; inaweza kuleta shida ya kusikia ikitolewa kwa dozi kubwa sana, ila kwa kawaida hali hurudi ukiacha.

Dawa hizi nazo hazifanani. Amikasini, kanamaisini na neomaisini hushambulia zaidi usikivu. Streptomaisini na gentamaisini hupenda zaidi sehemu ya sikio inayotunza mizani ya mwili, kwa hiyo mtu anaweza kusikia vizuri na bado akawa anapepesuka.

Kwinini, ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa kelele za masikioni, si antibayotiki. Mlio wake kwa kawaida huisha dawa ikikoma, usichanganye mambo.

Hatua ya 3: Sema haya kabla ya sindano ya kwanza

Mhudumu mwenye wagonjwa sitini kwenye foleni hatakuuliza yote. Yaseme wewe.

Figo ndizo za kwanza, kwa sababu dawa hizi hutolewa mwilini na figo peke yake. Kama figo zina hitilafu, kama mgonjwa ni mzee, ana kisukari au presha ya muda mrefu, au ametapika na kuhara mpaka mkojo umekuwa wa rangi ya chai, dawa itajikusanya. Uliza kama kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, inaweza kupimwa. Hospitali za rufaa za mikoa na baadhi ya vituo vya ngazi ya IV huweza kuipima, na maabara binafsi za mjini pia.

Taja kila dawa nyingine unayotumia. Ya kuogopwa zaidi ni furosemaidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix, sindano au kidonge cha kupunguza maji mwilini. Ikikutana na gentamaisini, madhara kwa sikio huongezeka sana. Diklofenaki na ibuprofeni, zile za maumivu zinazouzwa kila kona, huzielemea figo. Mitishamba nayo itaje bila haya. Baadhi yake huumiza figo.

Kama una mimba, sema hata kama bado ni changa. Streptomaisini na kanamaisini zimewahi kusababisha uziwi kwa watoto waliokuwa tumboni.

Kisha kuna jambo ambalo karibu hakuna anayeliuliza: ukoo wa mama. Kuna kasoro ndogo ya urithi, inayojulikana tangu 1993, ambayo humfanya mtu apoteze usikivu hata kwa dozi sahihi, wakati mwingine baada ya sindano chache tu. Hurithiwa kwa mama pekee. Baba hata akiwa nayo hawezi kuipitisha kwa mtoto. Kwa hiyo muulize mama, bibi mzaa mama, wajomba na mama wadogo: kuna mtu upande huo aliyepata uziwi baada ya kuchomwa sindano? Nyumbani huenda hadithi hiyo imekaa kwa jina jingine, "alirogwa alipokuwa hospitali" au "homa ilimpanda kichwani." Jibu likiwa ndiyo, mwambie daktari kabla ya sindano, atafute dawa ya jamii nyingine. Manchester, Uingereza, ilionyeshwa mwaka 2022 kwamba kipimo cha kufuta shavu la ndani la mtoto mchanga kinaweza kutoa jibu la kasoro hiyo kwa dakika 26 hivi. Sisi kwa sasa tuna kumbukumbu za bibi, tuzitumie.

Hatua ya 4: Mizani na mililita

Sehemu hii isome polepole, hasa kama unamuuguza mtoto.

Dozi ya gentamaisini huhesabiwa kwa kilo. "Ni mtoto mdogo, mchome nusu" ni kubahatisha. Mtoto apimwe uzito siku hiyo hiyo, akiwa bila nguo nzito, na namba iandikwe. Kadi ya chanjo ya mwezi uliopita haitoshi.

Shida kubwa ni kwamba ampuli ziko za aina mbili na kwa macho zinafanana. Moja ina miligramu 80 katika mililita 2, yaani miligramu 40 kwa kila mililita. Nyingine, ya watoto, ina miligramu 20 katika mililita hizo hizo 2, yaani miligramu 10 kwa kila mililita. Chukua mtoto wa kilo 3 katika wiki yake ya kwanza, aliyeandikiwa miligramu 5 kwa kilo. Anahitaji miligramu 15. Kwa ampuli ya watoto hiyo ni mililita 1.5. Kwa ampuli ya watu wazima ni chini kidogo ya mililita 0.4. Mhudumu aliyezoea ampuli ya watoto, akipewa ya watu wazima kwa sababu ile nyingine imeisha stoo, akavuta mililita 1.5 kwa mazoea, amempa mtoto miligramu 60, mara nne ya dozi. Hakuna atakayelia wala kuvimba wodini. Hasara itaonekana mtoto akifikisha mwaka mmoja bila kutamka "mama."

Kwa hiyo uliza maswali mawili tu: mtoto ana kilo ngapi, na ampuli hii ina miligramu ngapi kwa mililita? Kwa mtoto mdogo, sirinji ya mililita 1 yenye mistari midogo ni salama kuliko ile ya mililita 5, ambayo huwezi kupima 0.4 juu yake kwa uhakika. Ujue pia kwamba dozi kwa kilo hubadilika: aliyezaliwa na uzito mdogo hupewa pungufu, na baada ya wiki ya kwanza kiwango hupanda. Dozi ikibadilika ghafla uliza sababu, usianzishe ugomvi.

Kwa mtu mzima kuna mtego wa upande wa pili. Mtu wa kilo 60 akiandikiwa miligramu 5 kwa kilo mara moja kwa siku, anahitaji miligramu 300, karibu ampuli nne kwa mkupuo. Ndugu wakiona ampuli nne zinavunjwa hushtuka. Hakuna kosa hapo. Dozi moja kubwa kwa siku, ikifuatiwa na saa 24 za kupumzika, huzipa figo nafasi ya kuisafisha dawa. Kupunguza dozi kienyeji hakulindi sikio. Kunaacha bakteria hai, na mwisho wake ni siku nyingi zaidi za sindano.

Hatua ya 5: Hesabu siku

Andika tarehe na saa ya kila sindano. Sindano ya saa mbili usiku ikirukwa, ikachomwa alfajiri, kisha ya pili ikafuata kwa ratiba ya zamani, pengo limevurugika. Hilo hutokea zamu zikibadilishana, na wa kulishika ni wewe uliyekaa kando ya kitanda.

Siku ya pili au ya tatu uliza: majibu ya maabara yanasemaje, bado tunaihitaji hii? Hatari hupanda dawa ikivuka siku 7 hadi 10, na dozi za zamani huongezwa kwenye hesabu ya sikio. Aliyechomwa genta Februari na akachomwa tena Aprili hajaanza upya. Dawa hukawia kutoka kwenye majimaji ya sikio kama mafuta kwenye mtungi wenye shingo nyembamba.

Mgonjwa anywe maji ya kutosha kama daktari hajamzuia, na angalia mkojo. Ukipungua ghafla, usisubiri zamu ya asubuhi, sema.

Hatua ya 6: Pima masikio kabla, katikati na baada

Kipimo cha kwanza kifanyike kabla ya dawa au ndani ya siku 3 za mwanzo, ili kuwe na cha kulinganisha. Kwa matibabu ya wodini kirudiwe kila wiki au kila wiki mbili. Kwa sindano za miezi, angalau kila mwezi. Idara za masikio, pua na koo ziko hospitali ya Mulago, Kampala, na kwenye hospitali za rufaa za mikoa kama Mbarara. Kabla ya kupanda taksi, uliza kama mashine inafanya kazi na kama mpimaji yupo wiki hiyo. Omba wapime masafa ya juu, hezi 4,000 hadi 8,000, na zaidi kama mashine inaweza. Kipimo kinachoishia kwenye sauti za mazungumzo hakitaona hasara ya mwanzo. Kushuka kwa desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye sauti moja, au 10 kwenye sauti mbili zinazofuatana, ni dalili ya kumwambia daktari siku hiyo hiyo.

Mtoto mchanga hawezi kubonyeza kitufe. Yeye hupimwa kwa kijipira kidogo sikioni kinachosikiliza mwangwi unaotolewa na seli za vinyweleo zenyewe. Hakiumi, na anaweza kupimwa akiwa amelala.

Kama mashine iko mbali, tumia unachokuwa nacho ukijua udhaifu wake. Simama nyuma ya mgonjwa kwa urefu wa mkono, mwambie azibe sikio moja, kisha nong'ona maneno yenye s, sh, ch na f: sita, fisi, shoka, chache. Arudie. Fanya sikio la pili. Fanya kabla ya sindano ya kwanza, kisha kila baada ya siku mbili, chumba kile kile, sauti ile ile. Akianza kujibu "nini?" kwa maneno aliyoyapata jana, umepata onyo, ingawa limechelewa kidogo, maana sauti za juu zaidi zilishaondoka.

Mlio wa masikioni, hata wa dakika chache, uandike. Usingoje uwe wa kudumu.

Hatua ya 7: Usisahau mizani ya mwili

Watu wengi wanadhani tatizo la sikio lazima liwe uziwi. Aliyeharibiwa sehemu ya mizani anaweza asihisi dunia ikizunguka hata kidogo, kwa sababu masikio yote mawili yamepungua pamoja. Anachoona ni vitu vya ajabu: akiwa juu ya boda mabango yanarukaruka na hayasomeki, akitembea kwenda chooni usiku bila tochi anayumba, akifumba macho kunawa uso anataka kuanguka. Wazee huambiwa ni uchovu wa ugonjwa.

Mpime hivi. Asome maandishi ya kalenda ukutani kichwa kikiwa kimetulia, kisha asome huku akitikisa kichwa kushoto na kulia upesi. Maandishi yakivurugika kabisa na jana hayakuvurugika, mpe daktari taarifa. Kisha asimame miguu pamoja juu ya godoro, macho yamefungwa, nawe umesimama karibu kumdaka.

Dalili zikitokea

Usitoroke wodi. Mwambie daktari kwa maneno mafupi: "Mlio ulianza jana jioni sikio la kulia, leo hasikii minong'ono." Anaweza kuacha dawa hiyo, kupunguza siku, au kuhamia dawa nyingine. Kwa watu wazima mara nyingi kuna seftriaksoni, antibayotiki ya jamii nyingine, na ndugu zake; kwa mtoto mchanga mwenye manjano seftriaksoni ina tatizo lake, ndiyo maana uamuzi usiwe wako wala wa muuza duka. Wakati mwingine daktari atasema tuendelee kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuokoa maisha. Hilo nalo ni jibu halali, mradi ameelezwa dalili na ameamua akijua.

Ambaye lugha inamkwamisha, na wapo wengi, hasa wakimbizi wa Kongo walioko Nakivale au Kyangwali wanaohudumiwa kwa Runyankole, Runyoro au Kiingereza, amtafute mkalimani kabla ya daktari kupita raundi. "Masikio yanalia" ikitafsiriwa vibaya huwa "ana maumivu ya sikio," na utapewa Panadol.

Wenye kifua kikuu sugu

Hii ni habari njema. Kwa miaka mingi watu walichomwa kanamaisini au kapreomaisini kila siku kwa miezi, na wengi walitoka wamepona kifua wakiwa viziwi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliacha kuzipendekeza, na mwaka 2022 likakubali tiba ya vidonge ya miezi 6 yenye bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini. Ukiambiwa uanze sindano za kifua kikuu sugu, uliza kwa nini vidonge havikufai. Amikasini na streptomaisini bado zina nafasi yao, lakini nafasi ya mwisho, tena pamoja na kipimo cha masikio. Vidonge navyo si maji: linezolidi huweza kuleta ganzi ya miguu na kufifisha macho, kwa hiyo toa taarifa.

Matone ya sikio

Sikio linalotoa usaha kwa kawaida lina tundu kwenye kiwambo. Matone yenye neomaisini au gentamaisini yakipita hapo yanaweza kufika sikio la ndani. Omba ya siprofloksasini, na ukaushe sikio kwanza kwa kitambaa safi kilichosokotwa. Mafuta ya taa, mkojo na majimaji ya majani yasikaribie humo.

Kelele, aspirini na "vitamini za masikio"

Kelele na dawa hizi husaidiana kuua seli. Siku za sindano na wiki kadhaa baadaye kaa mbali na mashine ya kusaga, spika za harusi na za kanisani, na vipokea sauti vya masikioni.

Kuhusu dawa za kinga, utafiti mmoja wa China uliochapishwa 2006 ulifuatilia wagonjwa 195 waliokuwa kwenye gentamaisini. Kati ya waliopewa aspirini, asilimia 3 walipoteza usikivu. Kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 13. Inavutia, lakini usiige nyumbani. Dozi ilikuwa kubwa, aspirini hutoboa tumbo na kuleta damu, watoto hawaruhusiwi, na kwa wingi yenyewe huleta mlio masikioni. Dawa nyingine, N-asetilisisteini, nayo imeonyesha dalili nzuri kwa wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine, ila si tiba ya kawaida. Zile chupa za "kusafisha mishipa ya masikio" zinazotembezwa kwenye taksi paki ziache huko.

Baada ya kumaliza

Pima tena mwezi mmoja baadaye, na tena baada ya miezi 3 hadi 6, kwa sababu ya dawa iliyobaki sikioni. Andika kwenye daftari kwa herufi kubwa: jina la dawa, siku ngapi, mwaka gani. Mhudumu wa mara nyingine ataihitaji.

Mtoto aliyepata genta akiwa mchanga apimwe usikivu kabla ya kufikisha miezi 3. Nyumbani mchunguze: anashtuka mlango ukigongwa? Kwa miezi 6 anageukia sauti asiyoiona? Akikaribia mwaka anabwabwaja silabi, au amenyamaza kuliko mwezi uliopita? Usikubali kuambiwa "wavulana huchelewa." Kama usikivu umepungua, kifaa cha kusikia hufanya kazi vizuri kikianza mapema, na Lugha ya Alama ya Uganda, inayotajwa kwenye Katiba ya 1995, isisubiri mpaka kifaa kishindwe. Mtoto na wazazi waanze kujifunza pamoja mwaka huo huo.